Mtoto wa kiongozi: kwa nini sheria humtazama akiwa mdogo na kumwacha akishakua?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa,

Kila baada ya muda huzuka picha ya kijana wa kiongozi fulani akiwa kwenye gari la kifahari au amevaa saa ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuinunua kwa mshahara wa miaka kadhaa, na mjadala hugawanyika palepale: upande mmoja unasema tuwaache watoto wa watu wale maisha, upande mwingine unasema zile ni kodi zetu. Katika uzi huu naomba tuziweke picha pembeni kwa muda na tuzitazame sheria zenyewe, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo kambi zote mbili hulipita.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, inamtaka kiongozi wa umma nchini Tanzania atamke kwa maandishi mali na madeni yake mwenyewe, ya mwenzi wake wa ndoa, na ya watoto wake wenye umri mdogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Kenya nayo, katika Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, ilipiga mstari pale pale kwa kutaja watoto wanaomtegemea afisa walio chini ya miaka 18. Ukiisoma kwa utulivu, maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 12, asiye na kampuni, asiye na zabuni na ambaye hata akaunti ya benki hafungui mwenyewe, yumo ndani ya fomu. Lakini kaka yake wa miaka 35, hata awe na kampuni inayouza vifaa kwa wizara anayoiongoza mzazi wao, hayumo. Najua sababu ya kumweka yule mdogo: mzazi anaweza kuficha nyumba au kiwanja kwa jina la mtoto. Lakini anayeweza kuficha kwa jina la mtoto wa miaka 12 anaweza kuficha kwa urahisi zaidi kwa jina la mtoto mwenye namba yake ya mlipakodi.

Pengo hili lina historia. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha, na likasema wazi kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mtu pamoja na mumewe. Mtoto hakutajwa. Kwa maoni yangu, halikuwa kosa la kuandika. Nyerere mwenyewe alikuwa na miaka 44 wakati ule, na wengi wa viongozi wenzake walikuwa vijana kama yeye au kumzidi. Watoto wao walikuwa wanasoma, na biashara kubwa zilikuwa zinaelekea mikononi mwa dola. Hapakuwa na zabuni ya kumpa mtoto wa waziri. Baadaye masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, soko likafunguliwa, mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa, na katika kipindi hichohicho watoto wa kizazi kile wakawa watu wazima. Sheria ya 1995 ikaja kumtazama mtoto kana kwamba bado yuko darasani.

Sasa, mlango wa mtoto wa kigogo hufunguka vipi? Wengi huwaza kwamba mzazi hupiga simu. Mara nyingi hata simu haihitajiki. Ofisa anayepokea maombi huona jina la ukoo, akajiuliza atakuwa wapi mwakani iwapo atalikataa, na akalipitisha bila kuagizwa na mtu yeyote. Mwekezaji wa kigeni naye hutafuta mshirika mzawa, na katika orodha ya wazawa mia huchagua mmoja ambaye chakula cha Idi au cha Krismasi hukila nyumbani kwa mkuu wa nchi. Mzazi anaweza kuapa mbele ya mahakama kwamba hakumsaidia mwanawe kwa lolote, na kiapo hicho kikawa cha kweli, na bado upendeleo ukawa umefanyika.

Mfano ulio wazi zaidi haukutoka Afrika. Novemba 2016 benki ya JPMorgan ilikubali kulipa takriban dola milioni 264 kwa mamlaka za Marekani, kwa sababu tawi lake la Asia lilikuwa limeajiri watoto wa maofisa na wakuu wa makampuni ya dola nchini China, pamoja na jamaa na marafiki zao, ili benki ipate kazi za serikali. Ndani ya benki hiyo mpango huo ulijulikana kwa jina la “Wana na Mabinti”. Mamlaka zilieleza kwamba katika muda wa miaka saba waliingizwa kwa njia hiyo watu wapatao 100, na kwamba benki ilipata mapato yanayozidi dola milioni 100. Tazameni vizuri kesi ile: aliyetozwa faini ni mtoaji. Kijana aliyepewa ajira huenda alikuwa na shahada nzuri na nia njema, lakini ajira yake ilikuwa malipo kwa mtu mwingine.

Afrika tunaye Isabel dos Santos. Januari 2013 jarida la Forbes lilimtangaza kuwa mwanamke wa kwanza barani kufikisha mali ya dola bilioni 1, na mwezi Agosti mwaka huohuo likachapisha uchunguzi uliosema kwamba kila uwekezaji wake mkubwa nchini Angola ulitokana ama na kampuni iliyotaka kufanya biashara nchini humo kumkatia sehemu ya hisa, ama na saini ya baba yake, José Eduardo dos Santos, aliyeitawala nchi hiyo tangu 1979. Juni 2016 baba huyo alimteua kuliongoza Sonangol, shirika la mafuta ambalo ndilo tumbo la uchumi wa Angola. João Lourenço alipoingia madarakani Septemba 2017, hakumwacha hadi mwisho wa mwaka, Novemba alimwondoa. Nyaraka zaidi ya 700,000 zilizojulikana kama Luanda Leaks zilichapishwa Januari 2020, wiki chache baada ya mahakama ya Luanda kuzuia mali zake. Yeye amekanusha tuhuma zote na kusema anaandamwa kisiasa.

Ninachotaka mkione hapo ni mpangilio wa tarehe. Kwa muda wote ambao baba alikuwa Ikulu, maswali yenye uzito yaliulizwa na jarida la Marekani na wanahabari wachache wa Angola waliothubutu, na vyombo vya nchi yenyewe viliamka baada ya baba kuondoka. Uchunguzi unaosubiri mzazi atoke madarakani hushindwa kutofautishwa na kisasi, na ndiyo maana mtuhumiwa anaweza kusema anaandamwa na baadhi ya watu wakamwamini.

Kwa hiyo kipimo changu hakihusu namna mtoto anavyoishi. Nauliza kama kuna karatasi yenye mhuri wa umma iliyobeba jina lake: leseni, zabuni, uteuzi, hati ya ardhi ya umma, mkopo uliodhaminiwa na serikali. Ikiwepo, tumwulize hata kama anaishi kwa unyenyekevu na hapigi picha. Isipokuwepo, hata akinywa mpaka alfajiri hayo ni mambo yake na wazazi wake.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na ninaheshimu hoja yako, ila naona unamfunga mtoto kwa kamba ambayo hakuisuka. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto wa daktari anakua akisikia habari za hospitali mezani, akawa daktari, na hakuna anayelalamika. Kwa nini wa mwanasiasa akiingia siasa iwe nongwa? Tena hawafanani na wazazi wao kama tunavyodhani. Makongoro Nyerere mwaka 1995 aligombea ubunge Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, chama kilichokuwa kinapambana na CCM ambayo baba yake aliiasisi, na alishinda kabla ya matokeo kuja kutenguliwa mahakamani. Hussein Mwinyi aliingia Bungeni mwaka 2000, miaka mitano baada ya mzee wake kuondoka Ikulu, na akafika urais wa Zanzibar mwaka 2020 baada ya miaka ishirini ya ubunge na uwaziri. Tukianza kumkagua kila mwenye jina, vijana wenye uwezo watakaa pembeni kwa sababu tu ya ubini wao.

Mleta mada

Ndugu yangu, mifano yako miwili inanisaidia mimi zaidi kuliko inavyonipinga. Makongoro alisimama upande ambao jina la chama cha baba halikuweza kumbeba, na Hussein Mwinyi aliingia wakati mzee hana tena kalamu ya kuteua. Linganisha na mazingira mengine tunayoyajua. Ridhiwani Kikwete aliingia Bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Chalinze mwaka 2014, baba yake akiwa Rais na mwenyekiti wa chama kilichompitisha. Wanu Hafidh Ameir aliteuliwa Novemba 2025 kuwa Naibu Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, na aliyemteua ni mama yake mzazi, Rais Samia Suluhu Hassan, katika baraza ambalo mumewe, Mohamed Mchengerwa, ni Waziri wa Afya. Sisemi kwamba hawa wawili hawana uwezo. Sina kipimo cha kusema hivyo, na wote walikuwa wamekwishakaa Bungeni kabla ya kuingia serikalini. Nasema kwamba swali la uwezo wao ni halali, na halipaswi kupokelewa kama tusi kwa familia.

Hata hivyo natofautisha kura na uteuzi. Kura ina njia ya kumkataa mtu. Uhuru Kenyatta, pamoja na jina lile, aliangushwa Gatundu Kusini mwaka 1997, na mwaka 2002 aliangushwa tena kwenye urais ingawa Moi mwenyewe ndiye aliyemsimamisha. Gideon Moi alipoteza useneta wa Baringo mwaka 2022, nyumbani kabisa kwa baba yake. Wapiga kura hao walifanya uchunguzi wao kwa karatasi ya kura. Uteuzi wa mzazi kwa mwana hauna sanduku; kilichobaki ni swali la raia na la mwandishi wa habari, na ukilinyamazisha hilo hakuna kingine.

Kuhusu mtoto wa daktari: hospitali haimwajiri kwa sababu baba yake ndiye atakayeamua hatima ya mkurugenzi wa hospitali.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada anazidharau picha mno. Mongolia zimemwangusha waziri mkuu. Mwezi Mei 2025 mchumba wa mtoto wa Luvsannamsrain Oyun-Erdene aliweka mtandaoni mikoba ya kifahari na starehe nyinginezo, vijana wakauliza fedha zimetoka wapi, wakakaa uwanjani Ulaanbaatar siku nyingi wakidai ajiuzulu, na tarehe 3 Juni alipoomba Bunge limthibitishie imani hakufikisha kura 64 kati ya wajumbe 126. Alikanusha kuhusika na ufisadi wowote, lakini aliondoka. Miezi mitatu baadaye ikawa zamu ya Nepal: video za watoto wa wanasiasa zikasambaa TikTok zikiwekwa sambamba na za vijana wanaokwenda kubeba zege Ghuba, serikali ikafunga mitandao ya kijamii tarehe 4 Septemba, maandamano yakaanza tarehe 8, watu 19 wakauawa siku hiyo moja, na kesho yake Waziri Mkuu K. P. Sharma Oli akajiuzulu. Fomu za maadili zilikuwepo nchi zote mbili. Kilichofanya kazi ni picha.

Mleta mada

Ni kweli kwamba picha hufika mahali ambapo fomu haifiki, na sikatai kwamba ile ya Mongolia ilizaa swali sahihi, kwa sababu vijana wale walitaka kujua chanzo cha fedha na suala likapelekwa kwa taasisi ya kupambana na rushwa. Lakini soma habari ya Nepal mpaka mwisho. Baada ya watoto kuuawa barabarani, hasira ilipita kila mpaka: Bunge lilichomwa, Singha Durbar penye ofisi za serikali ilichomwa, nyumba za viongozi zilichomwa, na mke wa waziri mkuu wa zamani akaungua vibaya ndani ya nyumba yake. Waliokufa kwa jumla walizidi 70. Moto ule haukuuliza nani alipata zabuni na nani alirithi duka la babu yake. Pale ambapo hakuna njia ya kupata jibu kwa maandishi, mkoba unakuwa ushahidi, hakimu anakuwa umati, na mwenye hatia ya kweli, ambaye kwa kawaida ni mtu makini asiyejipiga picha, anapona.

Mchangiaji wa tatu

Naandika kutoka Kampala, na ningependa tukumbushane gharama ya kuuliza. Mei 2013 gazeti la Daily Monitor lilichapisha habari za barua ya Jenerali David Sejusa, aliyedai kwamba kuna mpango wa kumwandaa Muhoozi Kainerugaba amrithi baba yake, Rais Museveni, na kwamba wanaoupinga wako hatarini. Polisi walizizingira ofisi za gazeti hilo na za gazeti jingine, Red Pepper, tarehe 20, na redio mbili za kampuni hiyohiyo ya Monitor zikazimwa. Magazeti hayakurudi kazini mpaka siku kumi zilipopita. Serikali ilisema mpango huo haupo. Oktoba 2022 Muhoozi mwenyewe aliandika mtandaoni kwamba jeshi lake lingeichukua Nairobi ndani ya wiki mbili, baba akalazimika kuwaomba radhi Wakenya, akamwondoa kwenye uongozi wa jeshi la nchi kavu na wakati huohuo akampandisha cheo kuwa jenerali kamili. Machi 2024 alimfanya Mkuu wa Majeshi. Kwa hiyo mnapojadili fomu, mjue kuna mahali ambapo mtoto ndiye mwenye bunduki.

Mchangiaji wa nne

Nami niongeze kuhusu walio wadogo, kwa kuwa mleta mada amewapitia haraka. Mtoto wa miaka 14 kurekodiwa shuleni, alama zake za mtihani kusambazwa, umbo lake kuchekwa kwa sababu mama yake ni waziri, huo ni uonevu tu. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake, na haibagui mtoto wa mkulima na wa rais. Uingereza, ambako magazeti hayana aibu, kanuni za wahariri zinasema cheo au umaarufu wa mzazi peke yake hautoshi kuwa sababu ya kuchapisha maisha binafsi ya mtoto. Naomba na sisi humu tuanzie hapo: aliye chini ya miaka 18 asitajwe kabisa.

Mleta mada

Naunga mkono bila nyongeza, na ninaomba wasimamizi wa jukwaa walione hilo.

Kwa ndugu wa Kampala sina jibu la kutosha. Yote ninayoyapendekeza yanahitaji nchi ambayo ofisa anaweza kuuliza swali na kurudi nyumbani salama.

Nimeulizwa pembeni kwamba mtu mzima ni mtu huru, hivyo mzazi atatamkaje mali za mwanawe wa miaka 40 ambaye pengine hata hawasalimiani. Pingamizi hilo lina nguvu, na ndiyo maana singependa mzigo ubaki kwa mzazi. Tayari ipo njia inayotumika kwa utulivu kila siku: viwango vya kimataifa dhidi ya utakatishaji wa fedha vinazitaka benki ziwachunguze kwa uangalifu zaidi watu wenye nyadhifa kubwa za kisiasa pamoja na wanafamilia wao, na Ibara ya 52 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2005, inawataja wanafamilia hao bila kuweka ukomo wa umri. Kwa maneno mengine, benki ina wajibu wa kuuliza kile ambacho raia akikiuliza huambiwa ana wivu.

Tuuhamishie wajibu huo kwenye ununuzi wa umma. Mzabuni tayari huleta nyaraka zinazoonyesha wakurugenzi na wanahisa wake. Aongeze tamko la ukurasa mmoja linaloeleza kama kati yao, au kati ya wamiliki wanufaika walio nyuma yao, yaani watu wanaofaidika hasa na kampuni hata kama majina yao hayaonekani, yumo mtoto, mkwe, mzazi au ndugu wa damu wa kiongozi anayebanwa na Sheria ya Maadili, amtaje na ataje wadhifa wa kiongozi huyo. Undugu usiwe sababu ya kumnyima kazi. Kampuni ya mtoto wa waziri ikishinda kwa haki, ipewe mkataba. Ila tamko hilo litangazwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma siku ileile mshindi anapotangazwa, pamoja na bei za walioshindwa, ili yeyote aweze kuzilinganisha. Daftari la wamiliki wanufaika lililoko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, lisaidie kuhakiki, badala ya kubaki la vyombo vya dola peke yake. Na ikibainika mzabuni alificha undugu huo, mkataba uvunjwe na kampuni ifungiwe, bila kusubiri mzazi astaafu.

Wanaofanya kazi kwenye vitengo vya ununuzi wa umma humu ndani watuambie iwapo ukurasa huo mmoja unaweza kuingizwa kwa kanuni ya waziri tu, au ni lazima sheria yenyewe irudi Bungeni.